Halmashauri ya Jiji Inapofikiria Kuupanga Upya Mtaa Wenu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Likitajwa neno "uendelezaji upya" kwenye mkutano wa mtaa, watu wawili hunyoosha mkono hapo hapo: mwenye nyumba anayetaka kujua atalipwa lini, na dalali anayetaka kujua viwanja vya kona ni vya nani. Mpangaji hukaa kimya, kana kwamba habari hazimhusu. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi kila mara, ndani ya mkutano na baada ya mkutano kwenye kijiwe cha kahawa. Majibu yanafuata sheria za Tanzania Bara, na mifano mingi ni ya Dar es Salaam, ambako jambo hili limeshapita mitaa mingi.

## Mambo ya mwanzo

1. Halmashauri inasema "inafikiria kufanya utafiti." Nyumba zetu zinavunjwa?

Bado. Katika hatua hii madiwani wanaamua jambo moja tu: watenge fedha ya kuuchunguza mtaa na kuuchorea mpango, au wasitenge. Hakuna mchoro, hakuna uthamini, na mtu akija na rangi nyekundu kupiga alama ya X ukutani kwako, muulize anatumia barua ya nani.

Hata hivyo usilale. Utafiti ndio unaoweka mipaka ya eneo, na mipaka ndiyo inayoamua nani ataguswa. Mstari wa ramani ukipita nyuma ya nyumba yako badala ya mbele, maisha yako yamebadilika, na mwanzoni mstari huo huchorwa kwa penseli. Baadaye kuusogeza kunahitaji vikao vingi na pengine wakili.

2. Uendelezaji upya una tofauti gani na urasimishaji?

Urasimishaji huyakubali makazi yalivyo: nyumba zinabaki, viwanja vinapimwa, njia zinapanuliwa kidogo, watu wanapata hati. Uendelezaji upya huanza na wazo kwamba matumizi ya eneo yabadilike. Nyumba za chini ziwe ghorofa, makazi yachanganyike na maduka, viwanja vidogo viunganishwe. Yote mawili yamo kwenye Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 kama aina za mipango ya kina, yaani mipango ya eneo moja badala ya jiji zima.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza ofisa ni hili: "Huu ni urasimishaji au uendelezaji upya?" Akijibu "vyote viwili", mwombe aonyeshe kwenye ramani ni wapi kipi.

3. Nani ana mamlaka ya kupanga? Wizara, mkoa au jiji?

Halmashauri yenyewe, iwe ya jiji, manispaa au mji, ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Wizara ya Ardhi huidhinisha mipango na kusimamia taaluma. Mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa wana sauti kubwa, nasi sote tunaijua, lakini mpango hauzaliwi ofisini kwao.

Wakazi wa Dar es Salaam huchanganyikiwa kidogo hapa. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa ndiyo Jiji. Ukikaa Magomeni, mamlaka yako ni Manispaa ya Kinondoni. Ukikaa Kariakoo, ni Jiji. Barua ikipelekwa kwa mkurugenzi asiye wako hukaa kwenye trei.

4. Mpango kabambe upo tayari. Utafiti mwingine wa nini?

Mpango kabambe hutazama jiji zima. Dar es Salaam ilipata ya kwake mwaka 1949, 1968 na 1979, na upo wa 2016 hadi 2036. Karatasi ya namna hiyo itasema eneo fulani ni la makazi yenye msongamano mkubwa. Haitasema mtaro wa maji ya mvua upite kwa nani. Hiyo ni kazi ya mpango wa kina, na utafiti ndio unaoulisha: idadi ya kaya, umiliki, hali ya majengo, maji, umeme, mabomba ya majitaka, upana wa barabara, biashara zilizopo, na uwezo wa wakazi kulipa.

Hicho cha mwisho ndicho hurukwa mara nyingi. Ramani nzuri isiyojua watu wanalipa kodi kiasi gani kwa mwezi inapanga mtaa wa watu wengine.

## Uamuzi unavyopita

5. Jambo hili linapita vikao gani kabla ya kuwa uamuzi?

Kwa kawaida huanzia kwa wataalamu wa mipango miji, likapita kwenye menejimenti ya halmashauri, likafika Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, kisha Baraza la Madiwani chini ya Meya. Likikubaliwa hutengewa fedha kwenye bajeti, na mshauri mwelekezi akihitajika hutafutwa kwa zabuni. Mpango ukishachorwa hupita tena vikao hivyo hivyo kabla ya kwenda wizarani.

Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi, na mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Ya kamati siyo. Kwa bahati mbaya mjadala wa kweli hufanyika kwenye kamati, na siku ya Baraza mambo huenda haraka. Mtu wako ni diwani, na wakati wa kumfuata ni kabla kamati haijakaa.

6. Mwekezaji amejitolea kulipia utafiti. Kuna ubaya?

Fedha ya mwekezaji haiharamishi utafiti, ila anayemlipa mpiga ngoma huchagua wimbo. Ombeni hadidu za rejea, yaani karatasi inayoeleza kazi ambayo utafiti umepewa, na msome sehemu mbili. Ya kwanza ni ile inayotaja njia mbadala zitakazolinganishwa: kama kuacha mtaa ulivyo na kuboresha miundombinu tu haimo, majibu yameshaandikwa. Ya pili ni inayosema ripoti inakabidhiwa kwa nani. Ripoti ya halmashauri ikabidhiwe kwa halmashauri. Namna ya kuziomba hadidu zenyewe iko swali la 8.

7. Nikisaini karatasi ya mahudhurio, nimekubali mradi?

Kisheria hapana, mahudhurio ni mahudhurio. Lakini nimewahi kukaa kwenye mkutano wa mtaa ambao daftari lilipitishwa mwanzoni kabisa, kabla hata ramani haijabandikwa ukutani. Watu walikuwa wanagombea viti vya plastiki na chupa za maji, kalamu ikipita mkono kwa mkono. Miezi kadhaa baadaye kurasa zile zile zilionekana nyuma ya ripoti chini ya kichwa cha habari kinachosema wananchi waliridhia. Jina langu lilikuwa la kumi na kitu, na mwandiko ni wangu.

Tangu siku hiyo huandika juu ya ukurasa, kabla ya kusaini: "Mahudhurio tu." Maneno mawili. Kisha piga picha ukurasa huo kwa simu. Muhimu zaidi, hakikisheni muhtasari wa mkutano unaandika hoja zilizopingwa pamoja na zilizoungwa mkono, na nakala ibaki kwa mtendaji wa mtaa.

8. Ofisini wameniambia ramani na hadidu za rejea ni siri. Ni kweli?

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa mamlaka za umma, na ofisi hupewa siku 30 kujibu. Zipo taarifa zilizozuiliwa, lakini mpango wa mtaa wenu si siri ya ulinzi wa taifa. Omba kwa maandishi, taja nyaraka kwa jina, gongesha muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako. Ombi la mdomo halina tarehe, na lisilo na tarehe halichelewi.

9. Wakati utafiti unaendelea naruhusiwa kujenga, kukarabati au kuuza?

Kuuza unaweza, mradi umwambie mnunuzi ukweli. Kukarabati paa linalovuja hakuna atakayekuzuia. Ujenzi mpya ni jambo jingine: vibali vya ujenzi hupunguzwa kasi au kusimamishwa eneo linaposubiri mpango. Na miradi yenye fedha za wafadhili huwa na tarehe ya ukomo ya kuorodhesha mali, ikimaanisha kuwa chumba ulichoongeza baada ya tarehe hiyo hakihesabiwi. Kila mtaa una mtu aliyejenga vyumba vitatu vya tofali za haraka haraka ili aongezewe fidia, na bado anavitazama.

## Nyumba, ardhi na fidia

10. Fidia inahesabiwaje?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zinaeleza vipengele vyake. Kwanza thamani ya soko ya ardhi pamoja na kilichojengwa au kupandwa juu yake. Kisha posho ya usumbufu, inayokokotolewa kwa kuzidisha thamani hiyo na wastani wa riba ya amana za muda maalumu za benki kwa miezi 12. Posho ya usafiri ni gharama ya kubeba tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya mwezi mara 36. Mwenye biashara hulipwa faida anayoipoteza: faida halisi ya mwezi mara 36.

Kiwanja kitupu hakipewi posho za usafiri, makazi na faida. Hapa wengi hukasirika, wakidhani wameibiwa.

Mthamini akifika uwepo mwenyewe. Atahesabu milango, atagusa ukuta kuona ni tofali au udongo, atauliza choo kiko wapi. Tembea naye. Kisima kilichofunikwa kwa bati, uzio wa nyuma na mwembe uliopandwa na baba yako havitajiandika vyenyewe kwenye fomu, na ukishaisaini, umekubali orodha.

11. Sina hati. Nina leseni ya makazi, au karatasi ya mauziano tu yenye muhuri wa mjumbe.

Sheria inamtambua pia mtu aliyekalia ardhi kwa muda mrefu kwa namna inayokubalika, si mwenye hati peke yake. Leseni ya makazi ni ushahidi mzuri, ingawa angalia kama haijaisha muda. Karatasi ya mauziano nayo ina uzito, hasa ikiambatana na risiti za kodi ya majengo, bili za umeme au maji, na majirani watakaosimama.

Mradi ukigharimiwa na Benki ya Dunia kuna ngazi ya ziada. Masharti yake huwataka hata wasio na haki ya kisheria juu ya ardhi walipwe majengo yao na kusaidiwa kuhama, ingawa ardhi yenyewe hawalipwi. Kwa hiyo ulizeni fedha zinatoka wapi, maana jibu hubadilisha haki.

12. Tulithaminiwa miaka mitatu iliyopita na hatujaona senti.

Uthamini wa fidia huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 imeuwekea muda. Malipo yakipita miezi sita tangu kuidhinishwa, riba huanza kuhesabiwa. Ikipita miaka miwili bila kulipwa, uthamini huo umekufa na unatakiwa kufanywa upya kwa bei za sasa. Andikeni barua ya pamoja mkitaja tarehe ya kuidhinishwa. Mkiambiwa tarehe haijulikani, rudini swali la 8.

13. Kiwanja ni changu. Siwezi kubaki na kukiendeleza mwenyewe?

Inawezekana, na mipango mingi ya Dar es Salaam imetegemea hilo hasa. Serikali hubadilisha masharti, na wenye viwanja hujenga. Tatizo ni mtaji. Mwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati hana fedha za ghorofa nane, ndipo anapokuja mbia: weka kiwanja, mimi naweka fedha, tugawane jengo.

Ubia si mbaya. Mbaya ni mkataba wa kurasa mbili uliosainiwa sebuleni. Mgawo uandikwe kwa namba za ghorofa na mita za mraba, asilimia pekee haitoshi. "Asilimia 25" inaweza kuishia kuwa ghorofa za juu kabisa kwenye jengo ambalo lifti haijafungwa, huku maduka ya chini yenye kodi nono yakibaki kwa mbia. Andikeni utaishi wapi wakati wa ujenzi na nani analipa. Sheria ya mwaka 2008 inaruhusu hati ya sehemu ya jengo, hivyo daini hati za ghorofa zako kwa jina lako. Na kama ni nyumba ya ndoa, bila ridhaa ya mwenzi huna mkataba wa kuuza wala wa rehani.

14. Nyumba ni ya marehemu babu na hatujafungua mirathi.

Fungueni sasa. Hundi haiandikwi kwa jina la marehemu, na "sisi watoto wote" si jina la akaunti. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye atakayesaini fomu za uthamini. Familia inayosubiri siku ya malipo ndiyo huanza kugombana siku ya malipo.

## Wapangaji na wafanyabiashara

15. Mimi mpangaji. Ninapata nini?

Kidogo kuliko unavyostahili, na ni afadhali nikwambie mapema. Posho ya makazi ya miezi 36 humwendea mwenye mali. Wewe unaweza kudai kodi uliyolipa mbele ambayo hujaikalia, kwa mwenye nyumba wako, na kama una biashara inayotambulika, hasara ya faida (swali la 10). Masharti ya wafadhili huwahesabu wapangaji pia, lakini ni pale tu mradi unapofuata masharti hayo.

Ndiyo maana hatua ya utafiti ni yako zaidi hata kuliko ya mwenye nyumba. Yeye atafuatwa nyumbani na mthamini, wewe hutafuatwa na mtu. Kama dodoso linamuuliza "mkuu wa kaya" na kaya inahesabiwa moja kwa kila nyumba, basi nyumba ya vyumba sita yenye familia sita imeandikwa familia moja, na watano hawamo kwenye mpango. Mwulize mdadisi: unahesabu nyumba au unahesabu milango?

16. Nina genge na dada yangu ni mama lishe barazani. Hatuna mahesabu yaliyokaguliwa.

Kanuni hutaja mahesabu yaliyokaguliwa pale inapohitajika na inapowezekana, na kwa genge la nyanya haiwezekani. Onyesheni mlicho nacho: kitambulisho cha mjasiriamali, risiti za ushuru, miamala ya simu, daftari la mkopo. Anza kuandika mauzo ya kila siku leo, hata kwenye daftari la shule. Miezi sita ya mwandiko mmoja wenye tarehe ni ushahidi, kumbukumbu ya kichwani siyo.

17. Tumeahidiwa kurudi baada ya ujenzi. Tuamini?

Tazameni Magomeni Kota. Kaya 644 za wapangaji wa nyumba za zamani ziliondolewa na nyumba zikavunjwa, kwa ahadi ya kurudi. Miaka ikapita eneo likiwa wazi. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alielekeza Wakala wa Majengo ajenge hapo, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua nyumba hizo. Walirudi, ndiyo. Lakini aliyeondoka akiwa na mtoto wa darasa la kwanza alirudi mtoto akiwa ameshamaliza la saba.

Ahadi ya kurudi iwe na orodha ya majina iliyobandikwa, muda, fedha ya kupanga pengine mpaka siku ya kukabidhiwa ufunguo, na bei au masharti ya kukaa baada ya kurudi. Hilo la mwisho husahaulika kabisa: chumba cha elfu hamsini hakigeuki kuwa fleti kwa elfu hamsini.

## Mambo magumu

18. Kwa nini kila mtu anaitolea mfano Kariakoo?

Kwa sababu ndiyo mtaa uliopangwa upya ukafanikiwa na kushindwa kwa wakati mmoja. Jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, viwanja vyake vidogo vimepangwa kwa mistari iliyonyooka tangu enzi za Wajerumani, na nyumba zake zilikuwa za chini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpango mpya uliruhusu maghorofa. Wenye viwanja na wabia wakajenga kweli, na leo bidhaa zake zinafika hadi Lubumbashi.

Viwanja vilibaki vile vile, na barabara na mabomba yaliyowekwa kwa ajili ya nyumba za vyumba sita hayakukua kwa kasi ya majengo. Mvua ikinyesha, majitaka hupanda juu ya lami na wateja huruka juu ya matofali. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapo na kuua watu, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda timu ya kukagua majengo ya eneo zima. Ukisoma rasimu ya mpango wenu, anza na ukurasa wa majitaka. Kama haupo, urefu wa maghorofa haujadiliwi bado.

19. Kuna makaburi, msikiti na jengo la kale ndani ya eneo.

Makaburi yana sheria yake ya kuhamisha, ya mwaka 1969, na ndugu wa marehemu wana nafasi ndani yake. Majengo ya kale yanaweza kulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, lakini si kila jengo la zamani hulindwa kwa uzee wake tu. Nyumba za ibada huthaminiwa kama mali nyingine, na wadhamini waliosajiliwa ndio wanaosaini. Yote haya yaingie kwenye ramani ya utafiti tangu mwanzo.

20. Tunapinga. Tuanzie mahakamani?

Anzeni kwa maandishi: mtaa, kata, mkurugenzi, kamati. Kuishitaki halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90, na tangu mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa kwenye kesi. Siku hizo 90 zinatosha mchoro kuidhinishwa. Mkiona mambo yanakwenda mrama, notisi iandaliwe mapema huku mazungumzo yakiendelea.

21. Mpango ulipitishwa zamani na hakuna kilichofanyika. Bado una nguvu?

Ndiyo, hadi urekebishwe au ubadilishwe. Watu hugundua siku wanapoomba kibali cha kuongeza chumba, wakajibiwa kuwa eneo lao ni la ghorofa tu, au kwamba uwanja wao ni barabara ya mita 12 kwenye karatasi. Nenda dawati la mipango miji ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu, uombe kuuona mchoro ulioidhinishwa, na uandike namba na tarehe yake. Kama nyumba yako imekaa juu ya mstari, omba marekebisho ya mchoro kabla mwanao hajaanza kumwaga msingi.